Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wageni wa Sanaa ya Dijitali Shuleni Kwetu, Lubumbashi

Tangu tuanze kualika wageni waje kuzungumza na wanafunzi wetu wa sekondari kuhusu sanaa ya dijitali na ubunifu wa mwingiliano, maswali hayakatiki: langoni, kwenye kikao cha wazazi, hata barabarani mtu akiniona nimebeba projekta. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili. Mengine jibu lake ni sentensi mbili.

Wageni huja lini, na kinafanyika nini hasa?

Jumamosi moja kila mwezi, asubuhi, katika ukumbi uleule wa vikao vya wazazi. Mgeni huzungumza kwa nusu saa, kisha hufanya kazi pamoja na wanafunzi kwa saa moja na nusu. Nusu saa hiyo hatuiongezi. Mwanzoni tulimwachia mgeni aseme mpaka atosheke, nami nikiwa nimesimama nyuma niliona vichwa vikiinama kimoja baada ya kingine. Watoto hawakuwa wavivu. Walikuwa wamebanana watatu watatu kwenye benchi, mikono mitupu, wakitazama picha za kazi ambazo hawatazigusa. Siku hizi kila mwanafunzi hushika kitu kabla mgeni hajamaliza kujitambulisha: karatasi, uzi, dadu, kipande cha waya. Hilo ndilo sharti letu kubwa kuliko yote.

Sanaa ya dijitali si kuchora tu, ila kwa kompyuta badala ya kalamu?

Inaweza kuwa hivyo, na wapo wanaochora vizuri sana kwa njia hiyo. Lakini kuna jambo la ndani zaidi, na ili kulionyesha huwa tunaanza na Vera Molnár, aliyezaliwa Budapest mwaka 1924 na kufanya kazi Paris hadi alipofariki mwaka 2023. Kabla hajapata kompyuta alijiwekea kanuni kwenye karatasi, akazifuata hatua kwa hatua, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye mashine. Kompyuta halisi alianza kuitumia mwaka 1968.

Wanafunzi wetu hufanya vivyo hivyo kwa dadu. Chora miraba 25, safu tano za miraba mitano. Kwa kila mraba rusha dadu. Ikitoka 1 au 2, uchore ulivyo. Ikitoka 3 au 4, uinamishe. Ikitoka 5, uache wazi. Ikitoka 6, chora mwingine ndani yake. Darasa zima linafuata kanuni moja, na ukizibandika karatasi zote ukutani huoni mbili zinazofanana, ingawa zote ni ndugu. Hapo mtoto anaelewa bila kuelezwa sana: msanii ametunga kanuni, na kanuni imezaa picha. Kompyuta huirusha dadu hiyo mara elfu bila kuchoka, ila kuchagua kanuni ni kazi ya mtu.

Na mfano wa nyumbani tunao. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alipiga picha viwanda vya madini vya Katanga vilivyotelekezwa, akawaweka ndani yake watu waliopigwa picha enzi za ukoloni. Wafanyakazi wa zamani wamesimama mbele ya mabati yaliyoota kutu ya leo. Mwanafunzi ambaye babu yake alifanya kazi mgodini hahitaji maelezo mengi akiitazama picha ya namna hiyo. Baloji ni mmoja wa waanzilishi wa kituo cha Picha hapa mjini, ambacho tangu mwaka 2008 kimeandaa maonyesho makubwa yajulikanayo kama Biennale ya Lubumbashi.

Na ubunifu wa mwingiliano ndio nini?

Jina ni gumu, lakini jambo lenyewe unakutana nalo kila siku. Unapotuma pesa kwa simu ndogo ya vitufe, orodha inatokea, unachagua 1 au 2, unaulizwa dola au franka, unaulizwa namba ya siri. Kuna mtu aliyekaa akaamua swali lipi litangulie, lipi lifuate, na itakuwaje ukikosea. Kazi ya mtu huyo ni kupanga mazungumzo kati ya binadamu na chombo. Jina la kazi hiyo lilianza kutumika miaka ya 1980 kupitia wabunifu wawili, Bill Moggridge na Bill Verplank, lakini kazi yenyewe ni ya zamani kuliko jina.

Mgeni mmoja anayetengeneza programu za simu hapa mjini aliwagawa wanafunzi wawili wawili: mmoja awe simu, mwingine awe mteja. Aliye simu anashika vipande vya karatasi, kila kipande ni skrini moja, na haruhusiwi kuzidisha herufi 182, maana ndicho kipimo cha ujumbe mmoja katika menyu za aina hiyo. Msichana wa mwaka wa nne alijifanya kambo yake, yaani mama wa mama yake, anayeuza makala katika soko la komini ya Kenya, hapa mjini: hasomi Kifaransa, tarakimu anazijua vizuri, na anaogopa pesa zisiende kwa mtu asiyemjua. "Simu" ikamwonyesha mistari saba ya Kifaransa. Akanyamaza. Mgeni akahesabu kwa sauti, kisha akasema "Muda umekwisha" na kuzikusanya karatasi zote.

Darasa likapiga kelele. Wakaanza upya. Walipofika jaribio la nne, menyu yao ilikuwa na mistari mitatu ya Kiswahili, na kabla ya pesa kuondoka palikuwa na karatasi moja yenye jina la mpokeaji tu, bila kitu kingine. Msichana akaitazama karatasi hiyo, akasema: "Hapa kambo angepumua." Nimefundisha miaka mingi, na sijapata kipimo cha kazi nzuri kilicho wazi kuliko hicho.

Wazee wetu walikuwa na kitu cha namna hiyo kabla ya kompyuta?

Mzee mmoja aliuliza hivi kikaoni, na swali lake limebadilisha mpango wetu wa mwaka. Walikuwa nacho. Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa, ubao wa kushikwa mkononi, mwembamba kiunoni, uliopambwa kwa shanga na kauri. Mjuzi wa chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga, na shanga zikamwongoza kusimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Shanga haikuwa herufi. Wasomaji wawili waliweza kusimulia kwa namna mbili ubao mmoja, kulingana na nani anasikiliza na kwa nini wamekutana.

Mwezi uliofuata tukamwita mgeni anayefanya kazi na vifaa vya umeme. Alileta ubao wa mti wa kawaida, na wanafunzi wakapigilia juu yake vipande tisa vya waya wa shaba waliouchuna kwenye kebo kuukuu. Kila kipande kikaunganishwa na kibao kidogo cha Arduino, kifaa kilichoanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio na fedha nyingi. Kibao kikaunganishwa na kompyuta. Ukishika waya wa ardhi kwa mkono wa kushoto na kugusa shaba kwa mkono wa kulia, mwili wako unafunga sakiti. Umeme unaopita ni mdogo mno, husikii chochote, lakini kompyuta inatambua umegusa wapi na kucheza sauti. Sauti zenyewe wanafunzi walikuwa wamezirekodi kwa simu wiki nzima: wazee wa mtaa wakitaja majina ya zamani ya barabara na kueleza yalikotoka.

Kijana wa kwanza aligusa, kimya. Akagusa tena, kimya. Ilikuwa kiangazi, ngozi imekauka, na shaba ilikuwa imefanya weusi. Mgeni hakumsaidia, alimuuliza tu, "Umeme umekwama wapi?" Wakaisugua shaba kwa msasa mpaka ikang'aa, kijana akailowesha ncha ya kidole, akagusa. Sauti ya mzee ikatoka: "Barabara hii sisi tuliiita…" Ukumbi mzima ulinyamaza. Halafu msichana aliyekuwa amekaa karibu na dirisha akasema: "Mwalimu, wa kushoto unashika, wa kulia unasoma. Ni kama lukasa." Mgeni hakuwa amelipanga hilo. Ubao huo uko ofisini kwa prefe, yaani mkuu wa shule, hadi leo, na wageni wote huombwa wauguse.

Shule ina kompyuta ngapi? Zinatosha?

Zinazofanya kazi ni tano, na hazitoshi. Ndiyo sababu kila kazi inaanzia kwenye karatasi. Anayefika kwenye kompyuta tayari anajua anataka nini, na dakika 15 zinamtosha kuliko saa nzima ya kubahatisha.

Programu tunazotumia ni za bure. Kwa kuchora, Krita na Inkscape. Kwa sanaa ya kanuni, Processing, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry kwa ajili ya wasanii na wanafunzi. Ukishaiweka haihitaji intaneti tena. Ndugu yake p5.js, iliyoanzishwa na Lauren McCarthy, inafanya kazi ndani ya kivinjari na faili yake ni ndogo, hivyo tunaigawa kwa flashi na hakuna mtoto anayemaliza mega za mzazi wake. Blender, ya picha za pande tatu, tunaipenda, ila mashine zetu haziiwezi ipasavyo, na hatumwombi mgeni aionyeshe kwa kuwa itawaacha watoto na hamu tupu.

Umeme ukikatika katikati ya mazungumzo?

Hukatika, na mgeni huambiwa mapema awe na mpango wa pili usiohitaji umeme. Tulio nao daima ni shuka nyeupe na madirisha ya upande wa jua. Miaka ya 1970, Marekani, Myron Krueger alitengeneza chumba ambamo kamera iliona umbo la mtu na kompyuta ikalijibu kwenye skrini: ukiinua mkono, kitu kinakimbia au kinakufuata. Sisi tunaweka mwanafunzi nyuma ya shuka atoe kivuli, na mwingine mbele akiwa "kompyuta", ameshika kipepeo cha karatasi kwenye kijiti. Kanuni za kipepeo zimeandikwa ubaoni. Wanaotazama wanatakiwa kuzigundua bila kuambiwa. Asubuhi moja umeme ulirudi baada ya robo saa, na hakuna aliyetaka kuiacha shuka arudi kwenye projekta.

Kinachotusumbua kuliko giza ni mvua. Ikipiga kwenye bati husikii mtu wala spika, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi tunapanga kazi za mikono na macho, na zile za sauti tunaziacha hadi mvua ziishe.

Lazima mgeni atoke Ulaya, au angalau Kinshasa?

Hapana, na naomba tuachane na fikra hiyo. Aliyetusaidia kuliko wengi ni fundi simu mwenye meza pembeni ya barabara. Alifungua simu tatu za zamani mbele ya wanafunzi, akawaonyesha ni kitufe gani huharibika kwanza na kwa nini, maana kila siku anaona vidole vya watu vimebonyeza wapi. Huo ni utafiti wa watumiaji, hata kama hauiti hivyo. Tumekuwa pia na mchoraji wa mabango aliyehamia kwenye kompyuta, na vijana waliosoma sanaa hapa hapa mjini. Lubumbashi ina historia yake: karakana ya Le Hangar ya Pierre Romain-Desfossés ilianza mwaka 1946, na humo walitoka wachoraji kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Mtoto akijua kwamba mji wake umechora kwa muda mrefu, hamtazami mgeni kama mtu aliyeshuka na ujuzi kutoka mbinguni.

Wageni wa mbali tunawapokea kwa furaha. Wanakaa kwenye kiti kilekile.

Nimealikwa. Niandae nini?

Leta kazi moja, si kumi. Leta na matoleo yake yaliyoshindikana, hata yale unayoyaonea aibu, kwa sababu mwanafunzi anayeona kazi iliyokamilika peke yake hudhani wewe umezaliwa hivyo. Tueleze ulikosea wapi, nani alikuonyesha kosa, ulibadilisha nini. Andaa zoezi linalowezekana kwa karatasi, penseli na vitu vya sokoni. Weka kila kitu kwenye flashi. Usitegemee intaneti ya ukumbini. Maandishi kwenye skrini yawe makubwa, kwani walio nyuma wako mbali na mapazia yetu ni mepesi.

Usianze kwa kutaja vyeo na nchi ulizotembelea. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui. Hawatakudharau kwa hilo. Niliwahi kuona mgeni akisema hivyo na maswali yakaongezeka maradufu.

Lugha ni ipi?

Kifaransa ndicho lugha ya masomo, lakini mazungumzo haya ni kwa Kiswahili, na maneno ya kitaalamu tunayatafutia namna ya kuyasema pamoja. Tuna daftari la maneno ukutani. Wanafunzi wakibishana kama "kiolesura" linafaa au tuseme tu "uso wa chombo", tayari wanabishana kuhusu ubunifu wenyewe.

Wanafunzi wanalipa? Mgeni analipwa?

Mwanafunzi halipi chochote zaidi ya minervali, yaani karo, ya kawaida. Mgeni hurudishiwa nauli na hula bukari (ugali) pamoja nasi.

Simu zinaruhusiwa?

Siku hiyo ndiyo, zikiwa juu ya meza na kwa kazi iliyopangwa. Asiye na simu hafanyi kazi peke yake. Tunafanya kazi kwa vikundi vya wanne, na simu moja inatosha.

Kwa nini wajifunze kuchora wakati akili bandia inatoa picha kwa sekunde chache?

Tulilijaribu mbele yao. Mgeni aliomba programu ya namna hiyo itoe picha ya soko la Lubumbashi. Ikatoka picha nzuri, yenye rangi, na wanafunzi wakaanza kuinyooshea vidole: hakuna magunia ya makala, miavuli si ya hapa, na maandishi ya kwenye kibao cha duka hayasomeki kwa lugha yoyote. Programu hizo hujifunza kutoka kwenye picha nyingi zilizokusanywa, na hutoa kile zilichokiona mara nyingi. Soko letu halijaonwa vya kutosha. Wakaulizwa: nani alilione, kama si ninyi? Wiki iliyofuata vikundi viwili vilikwenda sokoni na daftari, wakaomba ruhusa kwa mama wauzaji, wakachora. Hatukatazi akili bandia. Tunataka mtoto awe na macho ya kuisahihisha.

Wanafunzi huuliza nini zaidi?

Kuhusu kobalti. Karibu kila mgeni huulizwa, kwa maneno haya au mengine: "Betri ya simu yako inatoka kwetu, mbona simu haitengenezwi kwetu?" Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nyingi ikiwa ya ukanda wa Kolwezi na Likasi, na kuna watoto darasani ambao ndugu zao wanachimba kwa mikono. Mgeni asilikwepe swali hilo kwa kutabasamu. Mmoja alikaa kimya kidogo, kisha akaomba chaki, akachora pamoja nao safari ya betri moja kuanzia shimoni hadi mfukoni, na kila kituo wakaandika nani anafanya kazi hapo na nani anaamua. Mchoro ulijaza ubao wote. Walipokosa jibu waliacha duara tupu, na maduara hayo matupu ndiyo yaliyokuwa kazi ya mwezi uliofuata.

Mtoto wangu ni mwenye haya. Atafaidika?

Maswali yanaweza kuandikwa kwenye karatasi na kutiwa kwenye sanduku bila jina. Tulianza hivyo baada ya kugundua kwamba wavulana walioketi mbele ndio waliokuwa wakiuliza karibu maswali yote. Sasa mgeni hulifungua sanduku kwanza, ndipo mikono inyooshwe.

Kuna kazi humo, au ni michezo?

Mzazi ana haki ya kuuliza hivi, na sitamdanganya. Hakuna anayeweza kumwahidi mtoto ajira kwa sababu alihudhuria Jumamosi chache. Lakini mabango, nembo, video za harusi, menyu za simu, vitabu vya shule, yote hayo hutengenezwa na watu, na wengine wako mji huu huu. Anayejua kumsikiliza mteja, kuchora haraka na kukubali kubadilisha kazi yake atahitajika hata kwenye kazi ambayo haina skrini. Kama mtoto wako anasoma ualimu, kemia au biashara, aje tu. Kundi lililotengeneza ubao wa sauti lilikuwa na wanafunzi wa ualimu wawili.

Picha za wanafunzi zitawekwa mtandaoni?

Za nyuso hapana, ila kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa. Za kazi zao ndiyo, zikiwa na jina kama mwanafunzi mwenyewe anataka.

Mzazi au jirani asiye na mtoto hapa anaweza kuja?

Anaweza. Mwambie mlinzi wa lango dogo kwamba umekuja kwa mgeni wa Jumamosi. Benchi ni za wanafunzi kwanza, kwa hiyo beba kiti chako ukiweza, na kama nyumbani kuna kebo kuukuu yenye shaba ndani, tuletee.